Shairi Linalokoma Kabla ya Kondo

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa methali hii washairi wetu humsifu mama, na aghalabu hawaendi mbele zaidi: ubeti wa uchungu, ubeti wa kilio cha mtoto, kisha shukrani.

Mkunga huhesabu kwa namna nyingine. Kwanza mlango wa kizazi hufunguka mpaka sentimita 10. Maumivu huja na kupoa, yakizidi kukaribiana na kupata nguvu. Kwa uzazi wa kwanza, hata baada ya kufikia sentimita 5, saa 12 zaweza kupita. Pili mama husukuma, mtoto akazaliwa. Tatu hutoka kondo la nyuma. Hapo damu yaweza kumwagika bila kiasi, na kuvuja huko ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazazi Tanzania.

Yapeleke mashairi hayo Chunya, kaskazini mwa mji wa Mbeya, ambako dhahabu ya Lupa imevuta watu tangu miaka ya 1920, na makazi ya wachimbaji yametawanyika mbali na hospitali ya wilaya. Huko, kuzijua hatua ni kuijua saa ya kuanza safari. Shairi lisifulo ustahimilivu pekee humfunza mama kungoja.

Vina na mizani havina kosa. Kituo kirudicho kila ubeti chafaa mno kubeba maumivu yarudiayo. Kilichopungua ni ubeti mmoja: mtoto akisha kulia, mshairi amrudie mama, aulize kama damu imekoma.