Kitabu cha Tippu Tip na Waliobeba Mizigo

Wako watu huko Ulaya na Marekani waendao kwa miguu miezi mingi kwa kujifurahisha tu, kisha huandika vitabu. Si vibaya. Lakini sisi pia tuna kitabu cha safari ndefu, tena cha Kiswahili: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Aliyasimulia katika uzee wake, naye Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin miaka 1902 na 1903. Mwenyewe alikufa Unguja mwaka 1905.

Njia yake ni ile itokayo pwani, ipitayo Tabora, hata kufika Kasongo na Nyangwe, kwa jirani zetu wa Maniema. Kiswahili chake ni safi, maneno machache, hana mapambo. Akipigana, asema alipigana. Akiuza pembe, ataja frasila na bei. Hiyo ndiyo sifa ya kitabu.

Tena kina mambo ya kweli ya njiani. Katika nchi moja wapagazi wenye njaa walikula muhogo mbichi, nao ulikuwa mchungu. Wakatapika, wakaharisha, wengine wakafa. Kila mama wa Kivu anajua kwamba muhogo wa namna hiyo sharti uloweshwe siku kadhaa, ndipo uanikwe. Lakini mwenye njaa hangoji.

Basi, kosa lake ni nini? Safari moja wapagazi walimtoroka. Akarudi vijijini kwao, akakamata wazee na jamaa zao, na kwa siku tano akapata watu 800, akawafunga pamoja. Asema ndipo alipoitwa Kingugwa Chui, kwani chui hushambulia huku na huku. Alisimulia jambo hilo pasipo kuona haya. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Jina la chui tumepewa. Katika wale 800 hatukupewa jina hata moja. Desturi ya njia ile ilikuwa mpagazi abebe kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Alilala wapi? Nani alimngoja nyumbani? Kitabu kimenyamaza.

Labda mtu atasema, kila mwandishi huandika yake. Ni kweli. Lakini aliyekumbuka bei za pembe miaka mingi angaliweza kukumbuka na majina machache ya waliozibeba.

Wala tusimhukumu yeye peke yake. Hapa Bukavu wapo akina mama wanaobeba magunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wakipanda kuelekea Kadutu. Twapatana nao bei, twalipa, twakwenda zetu. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mmoja wao jina lake?

Kisomeni kitabu hiki, kwani Kiswahili tunachosalia kilifika kwetu kwa misafara ya namna ile. Ila msomapo, kila penye hesabu ya pembe, hesabuni na watu.