Kutega Chini ya Unyayo

Mbwa mwitu wa Alaska hunaswa na mtu anayezijua njia zake: mto ulioganda, ukingo wa ziwa, kisiki anachokikojolea kila apitapo. Maarifa haya ni mazito kiasi kwamba mwaka 1975 mtaalamu wa wanyamapori Robert Stephenson aliyaandikia makala pamoja na mwindaji wa jamii ya Wanunamiut, Bob Ahgook. Kundi likipita kwenye theluji nzito huandamana mstari mmoja, kila mnyama akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Hapo ndipo penye kazi ninayoistahi kuliko zote katika ufundi huu.

Mtegaji stadi haugusi unyayo. Hukaa kando ya njia na kuchimba kutoka ubavuni, polepole, mpaka mkono ufike chini ya alama. Huikwangua theluji kidogo kidogo hadi ubaki utando tu, kisha huusukumia mtego ndani ukiwa umekwisha kutegwa, akahakikisha umekaa imara, hauchezi. Tundu la pembeni hulijaza theluji laini, na alama zake mwenyewe huzifagia kwa tawi. Utando ukiwa mnene, utaganda na mtego hautafyatuka. Ukiwa mwembamba, unyayo utabomoka. Kipimo chake kimo vidoleni.

Na mtego wenyewe uliandaliwa zamani, kabla ya baridi: ulichemshwa pamoja na magome ya miti hadi ukapoteza mng'ao na harufu, ukachovywa kwenye nta, na tangu hapo haushikwi ila kwa glavu safi.

Mnyama aliyenaswa huumia. Kwangu mimi, mtegaji anayezembea kuizungukia mitego yake hastahili sifa, hata mkono wake uwe mwepesi namna gani.

Manyoya hukomaa katikati ya baridi. Machipuko yakikaribia huanza kulika. Ngozi huchunwa kwa uangalifu hadi vidoleni, hukwanguliwa mafuta, huwambwa kwenye ubao mrefu upande wa nyama ukiwa nje, na kabla haijakauka kabisa hugeuzwa, manyoya yakaja juu. Nyingine huuzwa mnadani North Bay, Ontario. Nyingine haziondoki Alaska: Wainupiat huzishonea ukingo wa kofia ya koti, kwa kuwa pumzi ikigandia kwenye manyoya hayo, barafu hupanguswa kwa kiganja. Kipande kizuri zaidi hutoka mabegani, kwenye nywele ndefu.