Mradi Huzungumza Kwanza: Uhakiki wa Umbo la Ripoti ya Tathmini ya Mazingira

Tunaposoma riwaya au tamthilia tumezoea kutazama fani na maudhui, kisha kuonyesha jinsi moja inavyoibeba nyingine. Andiko ninalotaka kulihakiki hapa halimo katika mtaala wowote wa fasihi, ingawa hatima ya mashamba, mikoko na vijiji vizima hutegemea kurasa zake. Ni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria za Kenya na Tanzania humtaka mwenye mradi mkubwa aiwasilishe kabla hajapewa ruhusa ya kuanza kazi. Ripoti hizi hubishaniwa kwa maudhui yake: moshi kiasi gani, maji kiasi gani, familia ngapi zitahama. Ubishi huo ni wa lazima, lakini huanza kwa kuchelewa. Kabla hatujafika kwenye takwimu, umbo la ripoti limeshapanga nani atazungumza, lini, na kwa uzito gani. Kwangu mimi, tathmini ya kweli hutambulika kwa jambo moja: muundo wake unaacha njia inayoweza kufika kwenye jibu la "hapana".

Kisa kinachotufaa ni cha Lamu. Huko Kwasasi, upande wa bara wa kaunti hiyo, kampuni ya Amu Power ilipendekeza kujenga kituo cha kuzalisha megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya mawe. Penyewe ni mahali pa mashamba, karibu na mikoko na maji ya wavuvi, kama kilomita 20 kutoka mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tarehe 7 Septemba 2016, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni. Shirika la kijamii la Save Lamu na wenzake watano wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Uamuzi ule nausoma kama uhakiki wa hali ya juu. Jopo halikuishia kuuliza kama makaa ya mawe ni mabaya. Liliuliza nini kilitangulia, nini kilifuata, na nini hakikuwepo kabisa. Hayo ni maswali ya muundo.

Tuanze basi na muundo. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 zinaorodhesha mambo ambayo ripoti ni lazima iyabebe, na ukiisoma orodha ile kwa utulivu utaona inakwenda kama masimulizi. Kwanza hutajwa eneo lililopendekezwa, kisha sheria zinazohusika na hali ya awali ya mahali. Hufuata malengo ya mradi, teknolojia yake, malighafi yake, bidhaa zake na taka zake. Hapo ndipo yanapoletwa mazingira yanayoweza kuathirika, kisha athari zenyewe, kisha njia mbadala, mpango wa usimamizi, ajali na afya. Karibu na mwisho kabisa huja mapengo ya maarifa na mashaka yaliyojitokeza katika utafiti.

Katika mpangilio huu mradi umeingia kama mgeni aliyekaribishwa akakaa kitako, akajieleza kwa kirefu, ndipo mwenyeji akaitwa. Lakini tatizo ni kubwa kuliko nani katangulia. Mradi umepewa malengo, na mahali pamepewa uwezekano wa kuathirika. Kwa lugha ya uhakiki, mradi ni mhusika mkuu na mahali ni mandhari. Mhusika mkuu hutaka, hupanga, hutenda. Mandhari husubiri kutendwa. Ilhali mkulima wa Kwasasi naye ana malengo na shamba lake: kupanda, kuongeza chumba, kugawia watoto. Katika orodha yote ya kanuni sijaona kipengele kinachouliza watu wa mahali walikuwa na mpango gani na ardhi ile kabla mradi haujafika. Hali yao ya sasa hupimwa na kuandikwa, ila mustakabali wao hauna sura yake. Ndiyo maana mradi huonekana daima kuwa upande wa maendeleo, na wanaoupinga huonekana kuwa upande wa kubaki walivyo.

Kuhusu wakati, hali ya awali ndiyo sehemu inayodai kutuonyesha mahali kabla ya mradi, na kwa desturi huandikwa katika wakati uliopo: eneo lina mimea hii, samaki hawa, visima hivi. Wakati uliopo hutoa picha iliyosimama. Mtu wa Pwani anajua kwamba bahari haisimami. Maji ya kaskazi si maji ya kusi. Wakati wa kusi kali vyombo vidogo hukaa siku nyingi bila kutoka, na mvuvi hurudi kwenye maji ya ndani, penye mikoko na vijito. Bamvua na maji mafu navyo hubadilisha kinachovuliwa na mahali kinapovuliwa. Utafiti wa msimu mmoja unaweza kuandika kwa unyofu kwamba mlango fulani wa maji hauna wavuvi wengi, na kumbe ndio mlango unaowalisha miezi mingine. Hakuna aliyesema uongo. Ni umbo la picha moja ndilo lililoshindwa kubeba mwaka mzima. Hivyo swali la kwanza la msomaji makini kwa sura hii liwe: hii ni hali ya awali ya lini?

Mtindo wa sentensi nao una kazi yake. Tuchukue sentensi ya mfano, niliyoitunga kwa kufuata mwendo wa ripoti hizi: "Vumbi litadhibitiwa kwa kunyunyiziwa maji mara kwa mara." Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hayupo. Nani atanyunyiza? Mara ngapi? Maji yatatoka kisima gani, katika kaunti ambayo maji matamu ni shida kubwa? Sentensi inatuliza bila kumfunga mtu. Na hapa kanuni zenyewe ni kali kuliko waandishi wanaozifuata, kwa sababu zinataka mpango wa usimamizi utaje gharama, muda na mwenye wajibu kwa kila hatua. Sentensi yetu ya mfano haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Mtindo wake umekwepa kile ambacho sheria imedai. Tena ukilinganisha, mara nyingi utakuta faida zimeandikwa kwa uhakika, "mradi utatoa ajira," na hasara kwa kusitasita, "huenda kukawa na usumbufu." Mambo yote mawili ni utabiri wa kesho ileile. Kinachoyatofautisha ni sarufi tu, na msomaji huondoka akiamini kwamba moja lina hakika na jingine ni dhana.

Kisha kuna jedwali, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha utanzu huu. Marekani ilipitisha sheria yake ya sera ya mazingira mwaka 1969, na mwaka 1971 Luna Leopold na wenzake katika taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo walipendekeza jedwali la kupimia athari. Upande mmoja liliorodhesha vitendo 100 vya mradi, upande mwingine sifa 88 za mazingira. Jumla vyumba 8,800. Katika kila chumba kinachohusika huandikwa namba mbili, kuanzia 1 hadi 10: moja ya ukubwa wa athari, moja ya umuhimu wake. Ni kazi ya fikra njema. Ilitenganisha kipimo cha kitaalamu na hukumu ya thamani, na ilitaka namba zifuatwe na maelezo. Jedwali lile limezaa majedwali mengi mepesi zaidi, yenye maneno "chini", "wastani" na "juu", na mara nyingi maelezo yamepungua hadi kutoshea ndani ya chumba.

Jedwali lina uwezo mmoja na udhaifu mmoja, na vyote vinatokana na umbo lake. Uwezo wake ni kutosahau: kila kitu kina mstari wake. Udhaifu wake ni kukata viungo. Mikoko ina mstari wake chini ya mimea, samaki wana wao chini ya viumbe wa majini, na kipato cha mvuvi kiko kurasa kadhaa mbele chini ya jamii. Kwa mvuvi hayo ni jambo moja, kwani kamba na samaki wengi hukulia penye mikoko, na kinachokulia hapo ndicho kinacholipa karo ya mtoto. Athari tatu za "wastani" zilizoandikwa mbalimbali zinaweza kuwa, zikiunganishwa, mwisho wa riziki ya nyumba. Kanuni zinadai athari zinazolimbikizana zihesabiwe, lakini jedwali halina mahali pa kulimbikiza. Lamu imelipia pengo la aina hii. Ghuba ya Manda ambayo ingepakana na kituo cha makaa ndiyo iliyopokea ujenzi wa bandari ya Lamu chini ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi huo. Hasara ambayo haikupewa uzito wake kwenye karatasi ilikuja kupewa uzito mahakamani, kwa fedha, baada ya bahari kuchimbwa.

Sehemu ya njia mbadala ndiyo inayopaswa kuwa mlango wa "hapana". Kanuni za Marekani za mwaka 1978 ziliiita moyo wa tathmini nzima, zikataka pia uchambuzi wa kutofanya chochote. Kanuni za Kenya nazo zinataka mahali, usanifu na teknolojia mbadala vichambuliwe, ila zinaongeza kwamba ripoti itoe sababu za kupendelea vile vilivyopendekezwa. Kifungu hicho kidogo kina uzito mkubwa. Kinadhani kwamba mlinganisho utaishia pale mradi ulipoanzia. Mwandishi hatakiwi kutafuta kipi bora. Anatakiwa kueleza kwa nini kilichokwisha kuchaguliwa ni bora. Nguvu za ubishi hutoweka kabla ubishi haujaanza. Na hapa Kenya njia mbadala hazikuwa nadharia: leseni ya Lamu ilitolewa wakati nchi ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini Olkaria, na mitambo ya upepo ya megawati 310 ikisimamishwa karibu na Ziwa Turkana. Sura ya mbadala iliyoandikwa kwa haki ingevipima vitu hivi kwa jedwali lilelile na kwa ukali uleule unaotumiwa kwa mradi.

Wahusika tumewaacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndivyo ripoti inavyofanya. Kwa desturi wananchi hutokea kwenye viambatisho: kumbukumbu za mikutano, orodha ya majina, saini na alama za vidole. Orodha ya saini inathibitisha kwamba mtu alikuwepo. Haisemi alisema nini, wala kama alichosema kilibadilisha mstari wowote katika sura zilizotangulia. Hapa ndipo Jopo la 2019 lilipoonyesha makali yake. Kanuni zinataka mikutano isiyopungua mitatu ya kuwaeleza watu mradi pamoja na athari zake, na kupokea maoni yao. Jopo liliona kwamba mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi, kabla ya utafiti wenyewe. Mtu hawezi kuulizwa maoni juu ya athari ambazo hazijachunguzwa. Mikutano ilikuwepo, watu walikuwepo, karatasi zilikuwepo. Kilichovunjika ni mfuatano, na kwa kuvunjika mfuatano, ushiriki ukawa hauna maana mbele ya sheria. Jopo likaonyesha pia kimya kimoja: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa, kwa mradi wa kuchoma makaa ya mawe. Mhakiki mzuri husoma na yasiyoandikwa.

Somo hilo linanizuia nisiseme kwamba utanzu huu ni mbovu wa kutupwa. Ukavu uleule unaowafunga wananchi ndani ya viambatisho ndio uliowapa watu wa Lamu kitu cha kushika. Hotuba ya mwanasiasa haina kanuni ya mfuatano. Ripoti inayo, na kwa hiyo inaweza kushtakiwa. Muhtasari usio wa kitaalamu unaotakiwa na kanuni, ule wa Tanzania ukitakiwa uwe kwa Kiswahili pia, ni dirisha ambalo mwanakijiji ana haki ya kuchungulia. Sura ya mapengo ya maarifa ni pahali adimu ambapo mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi huamriwa na sheria aseme asichokijua. Hizi ni nafasi halisi, na zimetumika.

Zinahitaji kupanuliwa. Watu wa mahali wapewe sura ya kwanza, waeleze ardhi yao kwa misimu yote na mipango waliyonayo juu yake, kabla mradi haujaeleza wake. Mapengo ya maarifa yaandikwe kando ya kila hitimisho linaloyategemea, yasisubiri mwisho ambako macho yamechoka. Kila oni la mwananchi lijibiwe ndani ya sura linayoihusu, ionekane limebadilisha nini au kwa nini halikubadilisha. Kazi ya msomaji, awe diwani, mwalimu, mzee wa mtaa au afisa wa mamlaka, ni kufungua ripoti na kutafuta ukurasa ambao ungeweza kuukataa mradi. Akiupata, takwimu zinastahili kusomwa moja baada ya nyingine. Asipoupata, alichoshika mkononi ni ombi la leseni lililopewa jina la tathmini, na mamlaka inapaswa kumrudishia aliyeliandika hata kama takwimu zake zote ni sahihi.