Kisababishi cha Kumi: Mafunzo ya Uhifadhi na Lugha ya Daftari

Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada, iliyoundwa mjini Ottawa mwaka 1972, imeweka mafunzo yake kwenye intaneti bila malipo, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiini chake ni visababishi kumi vya uharibifu wa vitu vya makumbusho. Tisa havimsumbui mtu: nguvu za kugonga na kuvunja, wizi, moto, maji, wadudu, uchafu wa hewa, mwanga, joto, unyevu. Mlinzi wa ghala anamjua mchwa kuliko kitabu chochote.

Cha kumi ndicho chenye uzito, nacho ni kutengana kwa kitu na habari zake. Robert Waller na Paisley Cato, walioandika sehemu hiyo, wanaeleza vema kwamba kitu chaweza kubaki kizima na hali kimekwisha kupotea. Dawa yao ni namba imara, kibandiko, na nakala ya daftari. Ni dawa halali, ila haitilii mkazo lugha ya daftari lenyewe. Kinyago cha Kiluba kilichoandikishwa kwa neno moja la Kifaransa, pasipo jina walilokiita wenyewe, je, hakikutengana na habari zake tangu siku ya kwanza?

Kwa Kiswahili, kuhifadhi ni kutunza kitu. Tena ni kuyashika maneno moyoni, kama mwanafunzi wa chuoni ahifadhivyo sura. Basi tafsiri ya kurasa hizo ingefaa ianze na kisababishi hicho cha kumi.