Hongera Mafundi wa Chokaa

Nawapongeza waashi wa Mji Mkongwe, Unguja, wanaoendelea na chokaa ilhali saruji imejaa kila duka la vifaa. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bila mikono yao kuta nyingi zingekuwa chini. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa mawe hayo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu huvimba na kubanduka.

Fundi hodari haanzi na mwiko. Hutafuta kwanza maji yanatoka wapi: paa, mfereji, au bomba la jirani. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kisha hubandua lipu iliyokufa, huulowesha ukuta, hupiga chokaa tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likipewa muda wa kushika. Jua likiwa kali, hutundika magunia yaliyoloweshwa.

Mwenye nyumba anaweza kuziba ufa mdogo kwa njia hiyohiyo, akivaa glavu na miwani, maana chokaa mbichi huunguza. Boriti iliyooza asiiguse, amwite fundi.