Umbo la Selule: Sifa na Upungufu wa Kitabu Kimoja

Mwanafunzi akiuliza: «Kwa nini selule hii ni ya mviringo, na ile ni ndefu?», mara nyingi sisi waalimu tunajibu: «Ndivyo ilivyo». Hilo si jibu. D'Arcy Thompson, mwalimu wa Scotland, hakuridhika nalo. Katika mwaka 1917 alitoa kitabu On Growth and Form. Katika mwaka 1942 alikiongeza hata kikapita kurasa elfu moja.

Neno lake kubwa ni hili: umbo ni kazi ya nguvu. Tone la umande ni la mviringo kwa sababu uso wa maji unajivuta. Selule iliyo peke yake hufanya vivyo hivyo, na selule zilizosongana hupata pande kama mapovu ya sabuni. Thompson alitafsiri pia kitabu cha Aristoteli juu ya wanyama (1910). Alijua basi kwamba kuuliza «kwa kusudi gani?» hakuondoi ulizo la pili: «kwa nguvu gani?» Hapo tunamsifu.

Lakini selule si tone tu. Leo tunajua kwamba ndani yake mna nyuzi na miti midogo inayoishikilia, kama fito katika nyumba ya udongo. Bakteria ya umbo la fimbo ikivuliwa ukuta wake huwa tufe. Tena kitabu kinapita kando ya urithi, na huo ndio upungufu wake mkubwa.

Tutazame ugonjwa wa SS, tunaoujua sana katika Kongo. Selule nyekundu ya damu yapasa kuwa kama sahani laini. Katika mwaka 1956 Vernon Ingram alianza kuonyesha kosa lilipo: katika hemoglobini kipande kimoja kidogo kimebadilika. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hiyo inajipanga kama vijiti virefu, vijiti vinasukuma ngozi ya selule, nayo inapindika kama mundu. Inaziba mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa.

Basi Thompson hakudanganya: nguvu ndiyo inayopinda. Lakini urithi ndio unaoweka nguvu ipi ifanye kazi. Msome, ndugu, lakini usiishie kwake.

Nawe katekista, ukimkuta mama anayeshitakiwa kwamba ameroga mtoto wake, sema wazi mbele ya jamaa: si urogi. Mtoto wa SS amepokea kosa hilo kwa baba na kwa mama, wote wawili, wala hakuna aliyelitaka.