Sam Ntiro na Chimbuko la Sanaa: Kazi ya Watu Kwanza, Wito Baadaye

Makada wengi tunapozungumzia sanaa huishia kwenye ngoma, kwaya na ngonjera. Mchoraji tunamkumbuka pale tu tunapohitaji bango la sherehe au picha ya kiongozi ya kutundika ukumbini. Tabia hii ina mzizi wake katika fikra potofu kwamba picha ni pambo tu, na kwamba mchoraji hana mawazo mpaka apewe ujumbe wa kuchora. Maisha na kazi ya Ndugu Sam Joseph Ntiro yanaipinga fikra hiyo. Kwa hiyo yanastahili kuchambuliwa katika madarasa yetu ya siasa.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Katika miaka ya 1940 alisoma uchoraji Makerere, kwa mwalimu Margaret Trowell, na baadaye akafundisha hapo hapo. Mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika chuo cha sanaa cha Slade. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 akawa Balozi wetu wa kwanza nchini Uingereza, hadi mwaka 1964. Kisha alishika kazi za utamaduni serikalini na ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Alikuwa mwanafunzi, mwalimu, balozi na mtumishi wa serikali, lakini katika vyeo vyote hivyo hakuacha kuchora, na jambo alilolichora zaidi ni lile lile: watu wa kijijini wakiwa kazini.

Chimbuko la sanaa yake

Tuichukue picha moja, aliyoichora mwaka 1956. Inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York liliipata mwaka 1960. Mchoraji mwingine angalimchora bibi harusi na mapambo yake, au karamu yenyewe. Ntiro alichagua wabebaji. Kwake yeye, arusi ni mzigo unaobebwa na wengi ili wawili waoane. Huo ndio msimamo wake, naye hakuhitaji kuandika hata neno moja juu ya picha ili aueleweshe.

Hapana budi tuangalie tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Picha hii ilitangulia kwa miaka kumi na mmoja. Basi ni dhahiri kwamba hakuna kamati iliyomwagiza Ntiro achore ushirikiano. Aliujua kutokana na migomba na mashamba ya Machame, na siasa ikaja baadaye kuupa jina na mpango. Sanaa ya namna hii haitii chumvi maneno ya siasa. Inayapa ushahidi.

Jambo la pili ni umbo la picha zake. Huko Slade alikutana na mafunzo ya Ulaya ya kuchora mwili na umbali wa vitu. Hata hivyo aliendelea kuchora watu wadogo, wenye maumbo sahili, waliozungukwa na ardhi na mimea yenye rangi nzito. Wengine wameuona huu kuwa udhaifu wa ufundi. Mimi nauona kuwa uamuzi. Mtu mmoja akikuzwa mpaka ajaze ubao, kikundi kinapotea, na kikundi ndicho Ntiro alichotaka tukione.

Upungufu wake

Uhakiki usiotaja upungufu ni sifa tupu. Kilimanjaro ya Ntiro haikuwa kijiji tulivu kisichoguswa na fedha. Kahawa ilikuwa imekwisha kuingia, na chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933. Palikuwa na uhaba wa ardhi, na palikuwa na mwenye kihamba na asiye nacho. Picha nilizozitaja zinatuonyesha nani anabeba, lakini hazitwambii shamba ni la nani, wala mavuno yanakwenda wapi. Mgongano umefichwa nyuma ya migomba. Sababu mojawapo ni kwamba Ntiro aliishi miaka mingi mbali na Machame, na kumbukumbu ya mtu aliye mbali hulainisha mambo. Sababu nyingine ni malezi ya Makerere ya wakati ule, yaliyomtaka mwanafunzi achore kijiji chake kwa kukikumbuka. Malezi hayo yalimwepusha na kuiga Ulaya, lakini pia yalimwelekeza kwenye kijiji cha zamani.

Funzo kwetu

Mchoraji wa leo anavutwa na mabwana wawili. Wa kwanza ni soko. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, naye akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Alikuwa mbunifu wa kweli aliyeishi kwa jasho lake. Lakini mnunuzi mgeni alipopenda wanyama, wengi waliomfuata wakarudia wanyama wale wale. Bwana wa pili ni wito wa siku, na huyu tunamleta sisi makada. Mabwana hawa huonekana maadui, ila wote wawili humwambia mchoraji jambo moja: usitazame.

Hapa Songwe mambo ya kutazamwa hayana uhaba. Wanyiha walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Mbozi inalima kahawa kama Kilimanjaro, na maswali ya kahawa ni yale yale. Tunduma imepitiwa na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde. Pembeni yake wako makuli, mama ntilie na vijana wa kubadilisha fedha. Nani anabeba, nani anamiliki, nani anasubiri? Kijana anayeandika mabango ya maduka anawaona watu hawa kila siku. Hajaombwa kuwachora.

Basi tawi likimwita mchoraji, lisimpe maneno ya kuandika chini ya picha. Limpe ubao, rangi na muda wa kukaa mpakani, kisha limlipe haki yake. Akileta picha yenye swali tusilolipenda, tusiitundue. Tuijadili.